UZI: Gari dogo la umeme, soketi ya ploti, na swali la nani atalipia barabara

Kwa wageni: hapa tunachukua hoja moja inayorudi kila mdahalo, tunaivua nguo za kampeni na kuangalia kinachobaki. Hatutaji mwanasiasa wala chama. Ukitaja jina kwenye majibu nitakupita tu kama matatu iliyojaa.

Leo ni gari la umeme. Simaanishi yale makubwa ya kupigiwa picha. Namaanisha lile dogo, la mtu wa mshahara, la kupeleka watoto shule na kurudi.

Mdahalo wake huenda hivi. Wa kwanza anasema magari ya umeme yatashusha gharama ya maisha. Wa pili anajibu kwamba hizo ni starehe za watu wa Karen na Runda. Wa tatu, ambaye ndiye hupigiwa makofi, anauliza: stima yenyewe inapotea mvua ikinyesha tu, mtachaji na nini? Wote watatu wana kipande cha ukweli, na wote watatu wanaruka swali gumu zaidi. Tutalifikia.

Kwanza tujue tunaongelea gari gani. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililopita miaka 8, na usukani lazima uwe kulia. Kwa hivyo mitumba yetu mingi hutoka Japani, na mtumba wa umeme unaoonekana sana barabarani ni Nissan Leaf. Yale ya mwanzo yalikuwa na betri ya kilowati-saa 24, yakaja ya 30, halafu kuanzia mwisho wa 2017 ya 40. Kilowati-saa moja ndiyo ile "uniti" moja unayonunua kwa tokeni. Kwa hivyo betri ya 40 ni tokeni za uniti 40 ndani ya gari. Ukishaelewa hilo, hesabu nyingine zote ni rahisi.

Je, linafika wapi? Leaf ya betri 40 ilipimwa Marekani ikapewa kilomita 243 kwa chaji moja. Hiyo ni betri mpya. Mtumba umeshachoka kidogo. Tuseme betri imebaki na asilimia 85 ya nguvu zake: unabaki na kama kilomita 200, na hakuna mtu mwenye akili timamu anaendesha hadi sifuri, kwa hivyo za kutumia kwa amani ni kama 170. Kwa mtu anayetoka Ruiru hadi mjini na kurudi, hiyo ni siku tatu bila kuchomeka. Na msongamano wa Thika Road, ambao unakula petroli ovyo, kwa gari la umeme hauna makali sana. Likisimama, mota haizunguki. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kurudisha stima kidogo kwenye betri.

Kwa wale wanaotafuta: Leaf haina mfumo wa maji wa kupoza betri. Inategemea hewa. Joto la Mombasa si rafiki yake kama baridi ya Limuru. Kwenye dashibodi kuna vigae 12 vya afya ya betri, na cha kwanza kikipotea, betri imeshapoteza kama asilimia 15. Muuzaji akikuonyesha rangi na viti kwanza, wewe mwambie awashe dashibodi.

Sasa ile hoja ya "halifiki ushago". Ni kweli, na si kweli. Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160. Utafika, lakini roho mkononi, na kurudi lazima uchaji. Nairobi hadi Mombasa ni kama 480, na hapo jiografia inaingia. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kwenda unateremka, kurudi unapanda. Gari lenye uzito wa kilo 1,600 na watu ndani likipandishwa mita 1,700 linahitaji kama uniti 7 na nusu za kupigana na mlima pekee, kabla hujahesabu umbali wala upepo. Kwa betri iliyobaki na uniti 34, hiyo ni zaidi ya moja kwa tano imeenda kwa kupanda tu. Kwa hivyo mtu akikuambia "nilienda Mombasa na chaji mbili", muulize alirudi na ngapi.

Lakini tuseme ukweli: wengi wetu tunaenda ocha mara mbili au tatu kwa mwaka. Kununua gari kwa sababu ya Desemba ni kama kununua sufuria ya harusi ya kupikia chai ya kila asubuhi. Tatizo la Desemba ni lingine. Chaja ya kasi inamshughulikia mtu mmoja kwa kama dakika 45. Ukikuta wanne mbele yako na chaja ni moja, unasubiri saa tatu kabla ya kuchomeka. Pampu ya petroli inamaliza watu wanne kabla hujamaliza soda.

Tuje pesa, maana hapa ndipo mgombea wa kwanza anapojenga hoja yake.

Chukua mtu wa kilomita 40 kwa siku, siku 22 za kazi. Hizo ni kilomita 880 kwa mwezi. Gari dogo la petroli likienda kilomita 14 kwa lita mjini, ni kama lita 63. Kwa petroli ya shilingi 185, ni karibu 11,650. Gari la umeme dogo linatumia kama uniti 15 kwa kilomita 100, kwa hivyo 132. Ongeza zinazopotea wakati wa kuchaji, sema 145. Kwa stima ya nyumbani ya kama shilingi 28 kwa uniti, kodi na tozo ndani, ni karibu 4,060. Umeokoa zaidi ya 7,500 kwa mwezi. Hii ni safi, na wakati petroli Nairobi ilipofika 217 mwishoni mwa 2023, tofauti ilikuwa kubwa zaidi.

Lakini kuna mtego ambao sijasikia ukitajwa kwenye mdahalo hata mmoja. Stima ya nyumbani huuzwa kwa ngazi. Hadi uniti 30 bei ni ya chini, 30 hadi 100 ni ya katikati, na zaidi ya 100 ni ya juu, na ngazi yako inaamuliwa na wastani wa miezi mitatu iliyopita. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 60 ikiongeza gari la uniti 145 inahama ngazi. Sasa hata balbu, friji na pasi zinalipiwa bei ya juu. Gari halikuja peke yake. Lilikuja na nyumba nzima mgongoni.

"Si kuna bei maalum ya magari ya umeme?" Ipo. Mdhibiti wa kawi, EPRA, aliiidhinisha kwenye bei mpya za 2023: shilingi 16 hivi kwa uniti mchana na nusu yake usiku wa manane, kabla ya tozo nyingine. Bei tamu. Ila ilipoanza ilimtaka mteja awe na matumizi ya zaidi ya uniti 200 kwa mwezi. Rudi kwenye hesabu yetu: gari dogo la mtu mmoja ni uniti 145. Halifiki. Bei hiyo ilishonwa kwa vipimo vya kampuni ya mabasi, kituo cha kubadilisha betri za bodaboda, au mwenye chaja ya biashara. Sisemi ni vibaya, hata nadhani mabasi na nduthi zilistahili kutangulia. Nasema tu mgombea akijigamba kuhusu "bei nafuu ya kuchaji", muulize nafuu ya nani.

Halafu kuna ploti. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo siasa yenyewe iko.

Mwenye nyumba yake Syokimau au Ngong ana soketi ukutani. Anachomeka saa 4 usiku, anaamka gari limejaa. Kwa kilomita zake 40 anahitaji saa mbili tatu tu kwenye soketi ya kawaida. Hahitaji kituo chochote cha umma isipokuwa akisafiri. Kwake yeye maisha na gari hili ni rahisi kuliko petroli.

Sasa mweke mpangaji wa ghorofa ya nne Roysambu au Pipeline, kama ana bahati ya kuwa na pakingi. Meta yake ya tokeni iko juu, gari liko chini. Soketi pekee kwenye pakingi ni ya taa za usiku, na stima yake ni ya mwenye nyumba. Ukimwuliza keateka atakuambia hiyo waya haikuwekewa mambo hayo, na kusema kweli huenda ana haki. Ukiteremsha waya kutoka dirishani kupitia nguo za jirani zilizoanikwa, utachoma jengo. Kwa hivyo mpangaji huyu anabaki na chaja za umma, kwenye mall au kituo cha petroli, ambako mwenye chaja lazima arudishe gharama ya mtambo na kodi ya eneo. Bei kwa uniti inapanda kupita ya nyumbani, na ile akiba ya 7,500 inaanza kuliwa. Aliye na nyumba anachaji kwa bei ya chini akiwa amelala. Asiye na nyumba anachaji kwa bei ya juu akiwa amekaa kwenye mall akinunua chipsi ambazo hakupanga kununua.

Ndiyo maana kusema tu "ni gari la matajiri" hakutoshi. Sehemu ya sababu ni bei ya gari lenyewe, ndiyo. Lakini sehemu kubwa ni soketi, na soketi ni jambo la sheria. Ufaransa wana kitu kinaitwa haki ya soketi: mkaaji wa jengo anaweza kuweka chaja kwa gharama yake mwenyewe, na wenye jengo wakitaka kukataa lazima wawe na sababu nzito. Hiyo haiigharimu serikali mabilioni. Inahitaji kifungu cha sheria na fundi wa stima mwenye leseni. Kwetu EPRA ilitoa mwongozo wa vituo vya kuchaji 2023, na rasimu ya sera ya kitaifa ya uchukuzi wa umeme ikatolewa Machi 2024, lakini kwenye majukwaa kinachotajwa daima ni idadi ya vituo. Mpangaji hatajwi, ilhali mjini wapangaji ndio wengi.

Kuhusu vituo vyenyewe, kitu kimoja cha kiufundi halafu tuendelee. Chaja si chaja. Leaf ya Japani inatumia kichwa kinachoitwa CHAdeMO kwa chaji ya kasi. Magari ya soko la Ulaya yanatumia CCS2. Mengine ya Uchina yanakuja na GB/T. Unaweza kufika kituoni, chaja iko, stima iko, pesa unazo, na kichwa hakiingii. Ni ile shida ya chaja za simu za zamani, ila hii huwezi kuazima kwa jirani.

Na vituo vinaweza kufa. Nairobi ilikuwa na teksi za umeme tangu 2018, NopeaRide, zilizotumia Leaf na chaja zao zikiwa kwenye mall kadhaa. Zilisimama 2022 baada ya kampuni mama ya Ufini kuishiwa na fedha. Madereva walikuwa wameshathibitisha kwamba gari dogo la umeme linaweza kupiga kazi Nairobi kutwa nzima. Kilichoisha ni mtaji. Sera inayotegemea kampuni moja ijenge kila kitu ina hatari hiyo.

Sasa yule wa tatu, wa makofi: stima inapotea. Ni kweli, na tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, hadi uwanja wa ndege. Lakini hoja hii huchanganya mambo mawili. La kwanza, je, tuna stima ya kutosha? Jioni kuna shida. Mahitaji ya juu yameshapita megawati 2,300 na viongozi wenyewe wamekiri kwamba jioni baadhi ya maeneo hubanwa. Usiku wa manane hali inageuka: watu wamelala, viwanda vingi vimezima, na mvuke wa Olkaria mwingine huachiliwa hewani kwa kukosa mnunuzi. Magari 10,000 madogo yakichomekwa pamoja kwenye soketi za kawaida yanavuta kama megawati 30. Mitambo ya upepo ya Turkana peke yake imejengwa kwa 310. Kwa hivyo yakichomekwa usiku, gridi haishtuki.

La pili ni transfoma ya mtaa wako, na hapo ndipo penye wasiwasi halali. Gari kwenye soketi linavuta nguvu kidogo kuliko shawa ya stima, lakini shawa ni dakika kumi na gari ni masaa. Mtaa ambao transfoma yake tayari inakohoa saa moja jioni hauwezi kuongezewa magari ishirini ya saa moja jioni. Dawa ni bei ya usiku inayomfikia mtu wa kawaida, na tumeona juu kwamba ilipoanza haikumfikia. Pia tusisahau pampu za petroli nazo zinaendeshwa na stima.

Tumefika kwa lile swali walilolikimbia. Nani atalipia barabara?

Kila lita ya petroli na dizeli ina ushuru wa matengenezo ya barabara. Mfuko huu uliwekwa kwa sheria ya 1993. Ulikuwa shilingi 18 kwa lita, ukapandishwa hadi 25 Julai 2024. Mtu wetu wa lita 63 anachangia 1,575 kila mwezi. Akihamia umeme, mchango huo unakuwa sifuri. Bado analipa VAT na tozo kwenye stima, lakini hakuna senti inayoingia kwenye mfuko wa barabara. Na anaendesha barabara ile ile.

Kwa sasa magari ni machache, pengo halionekani. Lakini angalia kilichofanyika 2025: zile shilingi 7 za kwa kila lita ziliwekwa rehani ili kupata fedha za kulipa wanakandarasi waliokuwa wakidai. Yaani serikali imeshatumia leo ushuru wa petroli ya kesho. Wakati huo huo sera inasema kesho tununue petroli kidogo. Mkakati wa taifa wa 2020 ulilenga asilimia 5 ya magari yanayosajiliwa yawe ya umeme kufikia 2025. Huwezi kukopa kwa jina la ng'ombe huku unapanga kumchinja. Mwanasiasa yeyote akiahidi magari ya umeme kwa wingi bila kutaja rehani hii, amejibu nusu ya swali.

Na pengo likija, litazibwa na nani? Wa mwisho kuhama petroli. Huyo ni matatu ya zamani na nduthi ya mkopo, na nauli ikipanda unaijua inatoka mfuko wa nani. Mwenye uwezo anatoka kwenye ushuru mapema, asiye na uwezo anabaki akiubeba.

Nchi nyingine zinajaribu. New Zealand tangu Aprili 2024 inatoza magari madogo ya umeme dola 76 za huko kwa kila kilomita 1,000. Iceland nayo ilianza kutoza kwa kilomita Januari 2024. Kwetu kutoza kwa kilomita kunataka mita ya gari isiyochezewa, na sote tunajua "mitumba ya kilomita 60,000" ni nini. Kutoza kila uniti kwenye chaja ya umma ni rahisi kiutawala, lakini utamwangukia yule yule mpangaji wa Roysambu, maana mwenye soketi ya nyumbani hatapita hapo. Ada ya mwaka ndiyo rahisi zaidi. Mswada wa Fedha 2024 ulikuwa na kitu karibu na hicho, asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, magari yote, na mnakumbuka mapokezi yake. Kiliondolewa hata kabla mswada wote kuondolewa Juni ule. Gari la umeme, likiwa ghali zaidi, lingelipa zaidi ya la petroli la ukubwa wake.

Mimi naegemea ada ndogo ya mwaka kwa uzito wa gari, ianze polepole, kwa sababu kinachoua barabara ni malori mazito. Gari dogo, la umeme au la petroli, halichimbi shimo Mlolongo. Mnaweza kubisha, majibu yako wazi.

Mtu ataleta Ethiopia: walipiga marufuku kuingiza magari ya mafuta 2024. Ni kweli, lakini wana stima ya maji ya bei ya chini na uhaba mkali wa dola za kununulia mafuta. Kwetu mafuta ni ndoo ya kukusanyia kodi. Kunakili sheria yao bila kuwa na ndoo nyingine ni kuacha bajeti ikivuja.

Na kwa wanaodhani serikali imemwaga pesa kwa wenye magari haya: nafuu kubwa kwa gari la binafsi ni ushuru wa bidhaa kushushwa kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019. Nafuu ya VAT ya 2023 ilienda kwa mabasi, pikipiki na baiskeli za umeme na betri za lithiamu. Gari dogo la binafsi halikuwemo.

Mdahalo ujao, mtu akisimama na kuahidi "vituo elfu kadhaa vya kuchaji", msimwachie makofi bure. Muulizeni ni vya kasi au vya polepole. Vina vichwa gani. Bei ya usiku itamfikia mwenye uniti 145 au itabaki ya makampuni. Mpangaji ana haki gani kwenye pakingi ya ploti. Na zile shilingi 7 za rehani zitalipwa na lita za nani.